Umepandikiza Nywele, Pombe Uirudie Lini?

Ijumaa moja saa kumi alasiri, jua la Ngamiani, hapa Tanga, likiwa bado halijalegea, jamaa mmoja aliingia kwenye duka langu la dawa amevaa kofia pana ya kitambaa laini, ile ya kufungwa kwa kamba chini ya kidevu. Nyuma yake alikuja kaka yake mkubwa, amevaa kanzu. Jamaa akaumimina mfuko wake juu ya kaunta: antibiotiki, vidonge vya maumivu vya aina mbili, prednisoloni, chupa ya maji ya chumvi ya kupulizia kichwani, na karatasi ya maelekezo iliyokunjwa mara nne. Jumatatu ya wiki hiyo alikuwa Istanbul, kwenye kiti cha daktari, anapandikizwa nywele. Alitaka tuipitie karatasi yote, kuanzia namna ya kulala hadi namna ya kuosha kichwa. Tulipofika kwenye mstari wa pombe, kwamba asinywe kwa siku 10, aliuruka kwa kidole na kumtupia kaka yake jicho la haraka.

Nitarudi kwake. Kwanza niufungue huo mstari, maana ndio unaowachanganya watu. Wanaokwenda Uturuki, na wanaofanyiwa hapa hapa nchini, hurudi Tanga na hesabu tofauti. Huyu kaambiwa siku 3, yule wiki moja, mwingine wiki 2, mwingine mwezi mzima. Wakikutana barazani wakalinganisha, wanaona madaktari wanakisia tu, basi kila mtu anachagua hesabu inayomfaa. Lakini hesabu hizo hazikuokotwa. Ndani ya swali moja la "siku ngapi" kuna maswali manne: vipandikizi vimeshika? Damu imetulia? Dawa zimeisha mwilini? Na huyu mnywaji ni mnywaji wa namna gani? Kila swali lina muda wake. Daktari anayetaja siku 3 anajibu swali moja. Anayetaja wiki 2 anayajibu yote kwa mkupuo, kwa kuwa hana hakika ni lipi litakalokuumiza wewe.

Mche uliotoka kitaluni

Kupandikiza hakuongezi nywele kichwani, kunazihamisha. Kwa mwanamume aliyerithi upara, homoni iitwayo dihidrotestosteroni huyasinyaza mashina ya nywele za mbele na za utosini mwaka hadi mwaka, lakini za kisogoni na za pembeni kwa kawaida haziguswi. Mwaka 1959 daktari Norman Orentreich wa New York alieleza kwamba shina likitolewa kisogoni na kupandwa penye upara, huendelea na tabia ya kule lilikotoka. Kazi yote ya leo imesimama hapo. Kwa njia inayotumika sana sasa, mtaalamu hutoboa kisogoni kwa kichuma cha duara chenye upana wa takriban milimita 1, huchomoa kipande chenye nywele 1 hadi 4 na mashina yake, kisha hukichomeka kwenye tundu alilolifungua mbele. Kwa siku moja anaweza kuhamisha vipande 2,000 au 3,000. Kwa nywele zetu za kipilipili kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu shina lenyewe limejipinda chini ya ngozi na ni rahisi kulikata wakati wa kulichomoa. Na kisogo si ghala lisilokwisha. Kipandikizi kilichopotea kimepotea, hakioti tena kule kilikotolewa.

Mkulima wa michungwa kule Muheza anazijua siku hizi za kwanza bila kufundishwa. Ukitoa mche kitaluni ukaupeleka shambani, siku ya kwanza umesimama lakini haujashika. Majani ni mabichi, mtu akipita anaona mchungwa, ila mtoto akiuvuta unatoka mzima mzima. Kipandikizi ni hivyo hivyo. Kilipochomolewa kilikatiwa njia yake ya damu. Kwa siku 2 au 3 za mwanzo kinaishi kwa majimaji yanayovuja ndani ya tundu jipya, kinafyonza hewa na chakula humo. Kuanzia karibu siku ya 3 mishipa midogo ya damu huanza kuungana nacho, na katika wiki hiyo ya kwanza damu inaanza kupita. Ikifika siku ya 9 au ya 10 kimeshika kiasi kwamba hata ukiuvuta unywele, utakatika au kutoka wenyewe, shina likibaki chini.

Sasa pombe inaingia wapi? Niseme wazi jambo ambalo wengi hawasemi: pombe si sumu inayotembea hadi kwenye shina la nywele na kuliua. Bia moja haikaushi vipandikizi 2,000. Ukisikia mtu anasema "alikunywa glasi moja zikanyauka zote", jua ni hadithi ya barazani. Madhara yake hupita njia nyingine, na njia ya kwanza ni damu.

Wakati wa upasuaji unachomwa sindano za ganzi zilizochanganywa na adrenalini, na adrenalini hubana mishipa ili damu isitoke ovyo. Baada ya saa kadhaa nguvu yake inaisha na mishipa inafunguka. Usiku huo, kichwa chenye matundu madogo maelfu kinategemea kitu kimoja, damu igande pale inapotakiwa. Pombe inaharibu hapo mara mbili. Inatanua mishipa ya ngozi, ndiyo maana uso wa mnywaji huwaka moto, na inazuia chembe sahani, zile chembe za damu zinazoziba jeraha, zisishikane sawasawa. Damu ikianza kuvuja chini ya kipandikizi ambacho hakijashika, inakisukuma juu kama povu linavyosukuma kifuniko cha sufuria. Saa 48 za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote, na hakuna daktari mwenye akili timamu atakayekuruhusu hata nusu glasi ndani yake.

Njia ya pili haimo kwenye vitabu vya dawa, lakini mimi ndiyo ninayoiogopa zaidi. Mtu aliyepandikizwa analala chali, kichwa kimeinuliwa kwa mito karibu nyuzi 45, usiku kadhaa mfululizo, ili uvimbe usimshukie machoni na mbele ya kichwa isigusane na kitu. Jaribu kumlaza hivyo mtu aliyelewa. Kwanza hatakumbuka mito. Atajitupa kifudifudi, asugue paji la uso kwenye shuka hadi alfajiri. Kabla hajafika kitandani ameshakwangua kichwa kwenye chuma cha paa la bajaji, amejigonga kwenye kizingiti kifupi cha nyumba za udongo na chokaa, amejikuna kwa sababu vigaga vinawasha na aliyelewa hajizuii. Au amepanda bodaboda na kuvaa kofia ya dereva, ile inayobana na kunuka jasho la watu 10. Fedha alizotoa kwa daktari anazisugua kwa mkono wake mwenyewe, na asubuhi hajui nini kimetokea.

Kuna na safari yenyewe. Wengi wanaotoka Istanbul hupanda ndege siku ya 2 au ya 3, saa kama 7 hadi Dar es Salaam, na ndani ya ndege mvinyo hutolewa bure. Halafu basi la Tanga, kilomita takriban 350 kupitia Chalinze na Segera. Abiria aliyekunywa anasinzia, kichwa kinaegemea kioo, basi likiruka tuta kinagonga. Kama ni lazima usafiri mapema hivyo, safiri mkavu, ukiwa na akili zako zote.

Wiki ya kabla nayo imo

Watu hushangaa karatasi inapowataka waache pombe wiki moja kabla ya upasuaji. Wanauliza, kidonda hakijakuwepo, pombe inaharibu nini? Jibu liko kwenye zile chembe sahani. Kila moja huishi siku 7 hadi 10, kisha mwili unatengeneza nyingine. Anayekunywa sana hupunguza idadi yake na nguvu yake, na akiacha zinahitaji siku kadhaa mpaka wiki kurudi. Ndiyo sababu hiyo hiyo daktari anauliza kuhusu aspirini, ambayo huilemaza chembe moja kwa moja mpaka inakufa. Mtu akiingia chumba cha upasuaji akiwa na damu isiyoganda vizuri, matundu yanajaa damu, mtaalamu haoni anapochomeka, kazi ya saa 6 inakuwa ya 8, na vipandikizi vinakaa nje ya mwili muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

Mfuko wa dawa

Hapa ndipo ninapofanyia kazi kila siku, nitakaa kidogo. Vipandikizi vikishashika, bado dawa zinaweza kuwa mwilini, na pombe haigombani na dawa zote kwa namna moja.

Anza na flajili, yaani metronidazo. Si kila daktari wa nywele anaitoa, lakini kwetu hapa watu huinunua wenyewe kwa tumbo la kuhara, hasa wakitoka safarini, bila kukumbuka kwamba wana kichwa kibichi. Onyo lake dhidi ya pombe ni kali: baadhi ya watu hupata uso kuwaka, moyo kwenda mbio, kichwa kuuma na kutapika. Wapo wataalamu siku hizi wanaosema jambo hilo hutokea kwa nadra kuliko tulivyofundishwa. Mimi bado nashika maelekezo ya dawa yenyewe: usinywe pombe ukiwa unaitumia, wala kwa saa 48 hadi 72 baada ya kidonge cha mwisho. Mtu aliyepandikizwa juzi akitapika kwa nguvu, presha ya damu inapanda kichwani, na pale juu ndipo penye matundu. Amoksisilini ni tofauti, haina ugomvi huo. Ule msemo kwamba "antibiotiki zote na pombe ni kifo" hauna ukweli, ingawa mwili unaopigana na vijidudu haufaidiki na kulewa.

Panado wengi huiona kama peremende. Kikomo kwa mtu mzima mwenye afya ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Ini la mnywaji wa kila siku limejizoeza kuivunja panado kwa njia inayozalisha sumu zaidi, na akiba yake ya kuizima sumu hiyo ni ndogo, kwa hiyo madaktari wengi humshushia hadi gramu 2. Diklofenaki na ibuprofeni, nazo dawa za maumivu, hukwaruza tumbo, pombe hukwaruza tumbo, na prednisoloni ya kupunguza uvimbe huongeza hatari hiyo. Vitatu hivyo vikikutana kwenye tumbo tupu unaweza kutapika damu.

Ninayoikazia sana ni tramado, dawa ya maumivu makali. Hii na diazepamu, ambayo wengine hupewa siku ya upasuaji ili watulie, hupunguza kasi ya ubongo, na pombe hufanya kazi hiyo hiyo. Zikiwekwa pamoja, mtu analala usingizi mzito, pumzi zinakuwa chache, nzito, na anaweza asiamke. Hapo hatuzungumzii nywele tena. Ukiwa na tramado mfukoni, pombe haipo kabisa. Usiseme glasi moja, wala tembo tamu la mnazi la asubuhi.

Na hilo tembo lenyewe ninalitaja kwa makusudi. Mtu wa pwani akiniambia "nakunywa mnazi kidogo tu, si pombe kali", huwa namuuliza wa saa ngapi. Mgema akilishusha asubuhi ni tamu, karibu na maji ya sukari. Lakini hamira ya asili imeshaingia tangu kibuyuni, na sukari inageuka kileo kila saa inayopita. Jioni, tembo lile lile linaweza kufika nguvu ya bia, asilimia 4 au 5. Likilala linaelekea kwenye siki. Hivyo glasi ya mnazi si kipimo. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina kileo cha takriban gramu 20. Chupa ndogo ya konyagi ya mililita 200, kwa asilimia 35, ina gramu kama 55. Ini huondoa gramu 7 hadi 10 hivi kwa saa, na hakuna kahawa chungu, ndimu wala maji baridi yanayoliharakisha. Aliyemaliza chupa hiyo ndogo saa 4 usiku anaweza kuwa bado ana kileo damuni alfajiri, wakati anameza vidonge vya asubuhi. Gongo silipigii hesabu, kwa sababu aliyelipika mwenyewe hajui nguvu yake wala kilichomo.

Anayetetemeka

Sasa turudi kwa jamaa wa Ijumaa.

Nilipomwona anauruka ule mstari nilimgeukia kaka yake. Nikamwambia, "Shekhe, samahani, niachie mgonjwa dakika tano." Akanielewa, akatoka nje akasimama chini ya mwarobaini. Nikamuuliza mdogo wake, "Ndugu yangu, unakunywa kiasi gani kwa siku?"

"Kidogo."

"Kidogo cha wapi?"

Akacheka kidogo, halafu akanyamaza. Nikamwomba anyooshe mikono yote miwili juu ya kaunta, viganja vikiangalia chini. Vidole vilikuwa vinatetemeka kama karatasi mbele ya feni. Shingo imelowa jasho, na feni ilikuwa inampiga usoni. Ndipo aliposema. Kila jioni chupa ndogo 2 za pombe kali, miaka mingi, nyumbani hawajui. Kwenye fomu ya hospitali kule Istanbul kulikuwa na swali la pombe. Kaka alikuwa amekaa naye wakati mkalimani anasoma, akajibu hapana. Aliacha Jumapili usiku. Jumanne hotelini mkono ulianza kutetemeka, akazimua kwa alichokipata. Jumatano usiku ndani ya ndege akazimua tena. Tangu Alhamisi alfajiri hajagusa, kwa sababu yuko nyumbani kwa kaka.

Wanaoishi na mateja wanalijua neno arosto, yale mateso ya mwili unaokosa dawa za kulevya ulizozizoea. Wengi hawajui kwamba pombe nayo ina arosto, na kwamba ya pombe inaweza kuua. Ubongo wa mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka umezoea kukandamizwa, umejikaza kupingana na kileo. Ukikiondoa ghafla, ule mkazo unabaki peke yake. Kati ya saa 6 na 24 mtu anaanza kutetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo mbio, hana usingizi. Degedege huweza kuja ndani ya saa 48 za mwanzo. Siku ya 2 hadi ya 4, wachache huchanganyikiwa kabisa, wanaona wadudu ukutani, wanazungumza na wasiokuwepo, homa inapanda. Sasa ziweke siku hizo juu ya siku za vipandikizi. Ni zile zile, ambazo mche haujashika. Mtu akianguka degedege sakafuni, hao madaktari wa siku 3, wiki na wiki 2 hawana tena kitu cha kubishania. Juu ya hayo, kwenye mfuko wake kulikuwa na tramado, dawa ambayo peke yake huongeza uwezekano wa degedege.

Kwa hiyo ule mstari wa "usinywe siku 10", ambao ni sahihi kwa mtu wa bia 2 za Jumamosi, kwa huyu ulikuwa mtego. Alihitaji kusema ukweli mwezi mzima kabla ya safari, apunguziwe taratibu chini ya macho ya daktari, apewe vitamini B1 ambayo wanywaji wengi wanaikosa, na tarehe ya upasuaji isogezwe mpaka mwili utulie. Nami nikiwa muuza dawa siruhusiwi, wala sithubutu, kumpa mtu wa hali hiyo dawa za kutuliza akalale nazo nyumbani. Niliitoa tramado kwenye mfuko nikaiweka pembeni, nikamwita kaka yake.

Nilimwambia jamaa aseme mwenyewe, nikasimama naye. Akasema. Kaka alitazama chini kwa muda, kisha akauliza swali moja tu: "Bombo wanapokea saa hizi?" Wakachukua bajaji hadi hospitali ya mkoa. Alilazwa siku 4, akapewa diazepamu kwa ratiba inayoshuka na B1 ya sindano, kichwa kikiwa kwenye mito mitatu.

Naliandika hili kwa urefu kwa sababu mji wetu una adabu ya kuficha pombe. Heshima kwa wazazi na kwa dini ni kitu kizuri, nami nimelelewa humo. Lakini fomu ya daktari haisomwi msikitini. Kama umesindikizwa na mtu usiyetaka ajue, mwambie daktari unataka kuongea naye faragha. Kama wewe ndiye msindikizaji, toka nje wakati wa maswali bila kusubiri kuombwa.

Lawama zinazokwenda pasipo

Kati ya wiki ya 2 na ya 8, nywele zilizopandikizwa huanguka. Karibu zote. Shina linabaki chini, limepumzika baada ya msukosuko, na unywele mpya huanza kujitokeza mwezi wa 3 au wa 4. Matokeo kamili yanachukua miezi 12 hadi 18. Hiyo ndiyo kawaida, lakini hapo ndipo hadithi za pombe zinapozaliwa. Mtu anakunywa bia kwenye harusi siku ya 16, siku ya 20 anaona nywele kwenye taulo, anajilaumu mwezi mzima na kuwatisha wenzake. Mwingine alikunywa siku ya 2, akabahatika, nywele zikaota, sasa ni mwalimu wa kila anayekwenda. Wote wawili wamefunga mambo yasiyofungana.

Sigara, ambayo kwenye meza ya baa haiko mbali na chupa, ni adui mbaya zaidi wa kipandikizi kuliko bia. Nikotini hubana ile mishipa midogo inayotafuta njia ya kuungana, na moshi wake huishusha hewa safi kwenye damu. Wengi huacha bia siku 10 kwa uaminifu huku wanavuta pakiti moja kwa siku kupoza hamu. Ukilazimika kuchagua pa kutumia nguvu zako, zitumie kwenye sigara, na kwa wiki nyingi zaidi.

Kuna pia pombe ya kupaka. Nyumba nyingi zina kichupa cha spiriti ya kusafishia vidonda, na mama mwenye huruma anaweza kuiona kazi ya mwanawe ina vigaga akaipangusa. Spiriti inaunguza ngozi mbichi na kuikausha. Kinachotumika ni maji ya chumvi ya hospitali ya asilimia 0.9, yale ya kupulizia. Maji ya bahari ya Raskazone hayafanani nayo, yana chumvi mara nyingi zaidi pamoja na mchanga na vijidudu, yaache kwa mwezi. Na minoksidili ya maji, dawa ya kuotesha nywele ambayo wengi hupaka kabla na baada, nayo ina kileo ndani yake. Hailewi mtu, lakini inawasha ngozi ambayo haijafunga, kwa hiyo daktari huirudisha vigaga vikishatoka. Asiyetaka kileo hata cha kupaka ajue kwamba hata ya povu huwa nacho; kuna ya vidonge inayotolewa na daktari, ila hiyo hushusha presha na ukichanganya na pombe unaweza kuanguka kizunguzungu.

Basi mtu anayekunywa mara mojamoja, ambaye kidonda kimefunga, vigaga vimetoka, dawa zimekwisha pamoja na zile siku 2 au 3 za nyongeza za flajili, na hajavuja damu, anaweza kurudi kwenye glasi yake kuanzia siku ya 10 hadi ya 14, kwa kiasi, daktari wake akiwa hana neno. Ukiwa umeshateleza ukanywa mapema, usiongeze, kunywa maji, ruka dawa ya usingizi na ya maumivu makali usiku huo, lala umeinuka, na mwombe mtu akae nawe. Damu ikitoka, kandamiza kwa shashi safi dakika 10 hadi 15 bila kuchungulia. Isipokoma, au ukiona usaha, homa, ngozi inayogeuka nyeusi, nenda hospitali usiku huo huo, wala usiogope kusema ulikunywa.

Jamaa yangu alirudi Ijumaa ya pili, siku ya 11, saa 5 asubuhi, safari hii kaka amebaki nje kwa hiari yake. Mikono ilikuwa imetulia. Vigaga vilikuwa vimetoka karibu vyote, ngozi ya mbele bado nyekundu kidogo chini ya weusi wake. Hakuuliza kuhusu pombe. Alitoa mfukoni kofia ya vito, ya mkono, iliyofuliwa na kupigwa pasi, akauliza kama anaweza kuivaa kwenda kuswali. Niliipima kwa vidole. Ilikuwa inabana pembeni. Nikamwambia hii angoje kidogo, aazime ya kaka yake iliyolegea, na kwenye sijda ashuke taratibu.